"Uko Wapi?": Somo juu ya Programu za Mahali katika Simu za Mwanzo

Utangulizi

Simu ya mkononi ilipoingia katika maisha yetu, swali la kwanza la mazungumzo lilibadilika. Kwa simu ya mezani tuliuliza, "Nani mwenzangu?" maana mahali palijulikana: simu ilikuwa ofisini au sebuleni. Kwa simu ya mkononi tunauliza, "Uko wapi?" Na majibu tunayajua sote: "Niko mjini," "Niko njiani," "Nimeshafika Ubungo." Rafiki anayetaka kujua kama mtaonana leo au kesho hutosheka na "niko mjini". Lakini mtu aliye ndani ya gari lililopinduka usiku hawezi kuokolewa kwa jibu hilo. Tena wapo watu ambao hatudaiwi kuwaambia tulipo.

Katika somo hili tutaangalia jinsi waandishi wa programu, kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, walivyovifundisha vifaa vidogo kujibu swali hilo. Vifaa vyenyewe vilikuwa na kioo kidogo, kumbukumbu finyu, na mtandao wa polepole uliolipiwa kwa kilobaiti. Wazo kuu la somo ni moja: programu nzuri ya mahali huomba usahihi ule tu ambao kazi yake inauhitaji, na humweleza mtumiaji kwa ukweli kiasi cha usahihi ilichopata. Umaskini wa vifaa vya zamani uliwalazimisha waandishi kuwa na nidhamu hiyo. Simu za leo hazimlazimishi mtu, kwa hiyo ni lazima aichague mwenyewe.

1. Programu ya mahali ni nini?

Ni programu ambayo jibu lake hubadilika kulingana na mahali alipo mtumiaji. Ina sehemu tatu: mahali pa mtumiaji, orodha ya vitu vyenye mahali pake, na kanuni ya kuunganisha viwili hivyo. Tuchukue mfano tutakaoufuata hadi mwisho wa somo: programu inayomwonyesha mtu zahanati iliyo karibu naye. Mahali pa mtumiaji hupatikana kwa njia fulani, orodha ni ya zahanati za wilaya, na kanuni ni "tafuta yenye umbali mdogo kuliko zote".

Kwa kuitazama juu juu, sehemu ya kwanza ndiyo ngumu. Tutaona kwamba kila sehemu ina mitego yake.

2. Njia nne za kujua mahali

(a) Kumwuliza mtu mwenyewe. Mtumiaji huandika jina la mtaa, kata au namba ya posta. Njia hii haihitaji kifaa chochote cha ziada, haili betri, na mtu husema anachotaka kusema tu. Tusiidharau. Mapema mwaka 2008, wakati wa machafuko yaliyofuata uchaguzi nchini Kenya, wanablogu na waandishi wa programu walianzisha Ushahidi, mfumo uliopokea taarifa za matukio kupitia simu na tovuti na kuyaonyesha kwenye ramani. Shahidi hakuhitaji simu yenye setilaiti. Alitaja mahali kwa jina.

(b) Mnara wa simu. Simu inapowasiliana na mtandao hujulikana iko chini ya mnara upi. Mjini, ambako minara imesongamana, hilo laweza kumaanisha mita mia kadhaa. Kijijini laweza kumaanisha kilomita nyingi. Katika mitandao ya GSM mnara hupima pia muda ambao mawimbi hutumia kwenda na kurudi, kwa hatua 64, na kila hatua ni kama mita 550 za umbali. Ndiyo sababu mnara wa kawaida wa GSM huishia kilomita 35 hivi. Angalia kwamba kipimo hicho hakitoi nukta. Hutoa pete kuzunguka mnara: mtu yuko umbali fulani, lakini upande upi haujulikani, ila kama mnara umegawanywa kwa pande.

(c) Setilaiti za GPS. Mfumo huu wa Marekani ulibuniwa kuwa na setilaiti 24 zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kipokezi hupima muda wa mawimbi kutoka kwa kila setilaiti. Huhitaji nne: tatu kwa ajili ya nafasi, na ya nne kwa sababu saa ya kipokezi si sahihi kama za setilaiti, hivyo kosa la saa nalo lazima litafutwe. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya raia; uvurugaji huo ulipokomeshwa, kosa lilishuka kutoka mita 100 hivi hadi kama mita 20 au chini ya hapo. Hata hivyo, kipokezi kilichozimwa muda mrefu kilichukua dakika nzima au zaidi kupata jibu la kwanza, kilishindwa ndani ya majengo, na kilikula betri.

(d) Setilaiti kwa msaada wa mtandao. Kipokezi cha GPS huchelewa kwa sababu ni lazima kwanza kisikilize kutoka angani taarifa za njia za setilaiti, na kila setilaiti huchukua sekunde 30 kutangaza taarifa zake. Mtandao wa simu waweza kukipa kipokezi taarifa hizo mara moja, pamoja na makadirio ya mahali kutoka kwa mnara. Kipokezi hujua setilaiti zipi za kutafuta, na jibu huja kwa sekunde chache. Nchini Japani, simu za namna hii zilikuwa mikononi mwa watu wa kawaida tangu mwishoni mwa mwaka 2001.

3. Mfano wa kwanza: Palm VII

Mwaka 1999 kampuni ya Palm ya Marekani ilitoa kompyuta ya mkononi iitwayo Palm VII. Kioo chake kilikuwa na nukta 160 kwa 160 bila rangi. Mtumiaji aliinua antena ya pembeni, na kifaa kikawasiliana kupitia mtandao wa redio wa Mobitex, ambao kasi yake ilikuwa biti 8,000 kwa sekunde. Kifurushi cha chini cha mwezi kiligharimu dola 9.99 kwa kilobaiti 50.

Tufanye hesabu. Kilobaiti 50 ni baiti 51,200. Ikiwa swali moja na jibu lake vinachukua baiti 500, kifurushi kizima kinatosha kwa maswali mia moja, yaani matatu hivi kwa siku. Picha moja ya leo ya simu ingemaliza vifurushi vya miezi mingi.

Waandishi wa programu za Palm VII walikabili hali hiyo kwa mpango mzuri. Kurasa za kuulizia, pamoja na picha na maandishi yasiyobadilika, zilihifadhiwa ndani ya kifaa. Hewani lilikwenda swali tupu, na likarudi jibu tupu. Ama mahali, mwandishi aliweka katika fomu yake alama maalumu, %ZIPCODE. Swali lilipotumwa, mfumo uliondoa alama hiyo na kuweka namba ya posta ya eneo la mnara uliopokea mawimbi. Seva ikajibu kwa orodha ya maduka, sinema au hali ya hewa ya eneo hilo.

Hapo pana mafunzo mawili. Kwanza, namba ilikuwa ya mnara, si ya mtu. Aliyekuwa kwenye mpaka wa maeneo mawili aliweza kupewa orodha ya ng'ambo ya mto. Pili, kwa maswali mengi ilitosha. Anayeuliza kama mvua itanyesha hahitaji kujulikana amesimama mlango gani.

4. Simu za Java: kufanya kazi kwa kidogo

Mwaka 2000 ulitolewa mpango wa MIDP 1.0, ulioruhusu programu za lugha ya Java kuendeshwa ndani ya simu za kawaida. Ulitaka simu iwe angalau na kioo cha nukta 96 kwa 54, kilobaiti 32 za kumbukumbu ya kufanyia kazi, na kilobaiti 8 za kuhifadhi data za programu. Simu nyingi za Nokia za Series 40 za mwanzo hazikupokea programu inayozidi kilobaiti 64. MIDP 1.0 haikuwa na njia ya kawaida ya kuiuliza simu iko wapi, kwa hiyo mwandishi alitegemea mtumiaji aandike, au seva iliyokubaliana na kampuni ya simu. Tena, Java ya simu hizo haikuwa na namba za desimali. Je, utapimaje umbali bila desimali wakati latitudo na longitudo zenyewe ni desimali?

Jibu ni kuzidisha. Zidisha nyuzi kwa 100,000 na uhifadhi namba kamili. Latitudo ya nyuzi 6.81 kusini huwa -681,000. Kwa kuwa uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 111, hatua moja katika namba zetu ni kama mita 1.11. Usahihi huo unazidi mahitaji yetu.

Sasa tuhesabu. Mtumiaji na zahanati wanatofautiana kwa hatua 900 za latitudo na hatua 1,200 za longitudo. Karibu na Ikweta tunaweza kuzichukulia sawa. Mraba wa 900 ni 810,000. Mraba wa 1,200 ni 1,440,000. Jumla ni 2,250,000. Kipeuo chake cha pili ni 1,500, ambacho kwa mita ni 1,665. Lakini kama lengo ni kujua zahanati ipi ni ya karibu, hatuna haja ya kipeuo: linganisha miraba yenyewe, na ndogo kuliko zote ndiyo jibu. Hapo simu imeepushwa na kazi nzito.

Zingatia neno "karibu na Ikweta". Mistari ya longitudo hukaribiana kadiri tunavyoelekea kwenye ncha za dunia. Kwenye latitudo ya Dar es Salaam tofauti haifiki asilimia 1. Kwenye nyuzi 60 kaskazini, mahali kama Oslo au Helsinki, hatua ya longitudo ni nusu tu ya ile ya Ikweta. Kwa tofauti zilezile, hatua 1,200 zingehesabiwa 600, na umbali ungekuwa kama mita 1,200. Programu iliyojaribiwa Dar es Salaam ikapelekwa Oslo bila marekebisho itawadanganya watu. Dawa ni jedwali dogo la vizidisho, kimoja kwa kila uzi wa latitudo.

Upo mtego mwingine, na huu umewanasa wengi. Namba kamili ya kawaida katika Java haivuki 2,147,483,647. Mraba wa 50,000 ni 2,500,000,000, ambao umezidi kikomo. Simu haitalalamika, itageuza jibu kuwa namba hasi. Na kwa kuwa namba hasi ni ndogo kuliko chanya yoyote, zahanati iliyo umbali wa kilomita 55 itatokea ya kwanza katika orodha, ikiizidi iliyo nyuma ya nyumba. Mwandishi aliyejaribu programu yake kwa zahanati za mtaani tu hataligundua kosa hilo. Atakayeligundua ni mama mwenye mtoto mgonjwa. Dawa yake ni rahisi: tumia aina ya namba ndefu ya biti 64, ambayo Java ya simu ilikuwa nayo tangu mwanzo, au ondoa kwanza vituo vyote vilivyo mbali.

Nafasi nayo inatosha. Zahanati moja inahitaji baiti 4 za latitudo, 4 za longitudo na, tuseme, 20 za jina: jumla 28. Zahanati 200 ni baiti 5,600, zinazoingia ndani ya zile kilobaiti 8. Orodha yote ya wilaya yaweza kukaa ndani ya simu, na programu ikafanya kazi hata pasipo mtandao.

5. Kuomba mahali kwa masharti

Mwaka 2003 ulitolewa mpango wa JSR 179, uliozipa programu za Java njia moja ya kuuliza mahali, bila kujali kama simu inatumia setilaiti au mnara. Ulihitaji simu mpya zaidi, zenye uwezo wa desimali. Uzuri wake ni kwamba mwandishi hasemi, "Nipe GPS." Anaeleza haja yake, na simu humchagulia njia. Hatua zake ni hizi:

Kwanza, taja masharti. Katika kitu kiitwacho Criteria mwandishi huandika usahihi anaouhitaji kwa mita, kiasi cha betri anachokubali kitumike, muda anaoweza kusubiri, na kama mtumiaji yuko tayari kutozwa fedha.

Pili, omba mtoaji wa mahali. Simu ikiwa na njia inayotimiza masharti, humpa. Isipokuwa nayo, hurudisha jibu tupu. Programu isiyojiandaa kwa jibu tupu huzimika hapo hapo.

Tatu, omba mahali na uweke kikomo cha kusubiri. Kazi hii isifanywe katika mkondo uleule unaochora kioo, la sivyo simu itaonekana imekufa, na mtumiaji ataichomoa betri.

Nne, soma jibu pamoja na sifa zake. Mahali huja na makadirio ya kosa kwa mita na saa kilipochukuliwa kipimo. Mahali pa nusu saa iliyopita ni historia, hasa kwa aliye ndani ya basi.

Kwa programu yetu ya zahanati, kuomba usahihi wa mita 500 kwa kawaida kunatosha. Anayeomba mita 5 kwa mazoea humsubirisha mgonjwa uani atazame mbingu, humaliza betri, na mwisho humtajia zahanati ileile.

6. Kusema ukweli juu ya kosa

Kuna kazi ambazo usahihi wake ni suala la uhai. Nchini Marekani, Tume ya Mawasiliano iliweka mwaka 1996 kanuni za kuzitaka kampuni za simu zionyeshe mahali anapopigia mtu namba ya dharura ya 911. Katika marekebisho ya mwaka 1999, mifumo inayopima kwa minara ilitakiwa kuwa ndani ya mita 100 kwa asilimia 67 ya simu na ndani ya mita 300 kwa asilimia 95. Kwa simu zenye kipokezi chake zenyewe, viwango vilikuwa mita 50 na mita 150. Tazama jinsi kanuni hizo zilivyoandikwa: hata sheria haikudai ukamilifu. Ilikiri kwamba simu 5 katika kila 100 zaweza kuwa nje ya mpaka.

Ndiyo maana programu isimwambie mtu "uko hapa" kwa nukta moja nyekundu wakati inachojua ni duara la kilomita mbili. Mwezi Novemba 2007 Google iliongeza katika ramani zake za simu uwezo wa kukadiria mahali kwa minara, hata kwa simu isiyo na GPS. Ramani ilionyesha nukta ya buluu iliyozungukwa na duara hafifu. Duara likiwa kubwa, mtumiaji alielewa kwamba mashaka ni makubwa. Kwenye kioo cha nukta 96 hakuna nafasi ya duara, lakini maneno yapo: "Uko kwenye eneo la kilomita 2 hivi. Je, uko kata ipi?" Kwa swali hilo la pili programu inarudi kwenye njia ile ya kwanza kabisa, ya kumwuliza mtu mwenyewe.

7. Nani ana haki ya kujua?

Mahali pa mtu pakiandikwa mara moja ni habari ndogo. Pakiandikwa kila dakika kumi kwa mwezi mzima, panaonyesha anapolala, anapotibiwa, anaposali na anayemtembelea. Jumuiya ya Ulaya ililiona hilo mapema: agizo lake namba 58 la mwaka 2002 lilitaka taarifa za mahali zitumike zikiwa zimefichwa jina la mtu, au kwa ridhaa yake, kwa kiasi na muda unaohitajiwa na huduma tu, na aliyeridhia awe na njia rahisi, isiyo na malipo, ya kusitisha kwa muda.

Kwa mwandishi wa programu, hayo ni maamuzi ya kiufundi. Programu yetu yenye orodha ya zahanati ndani ya simu haina haja ya kumtumia yeyote mahali pa mgonjwa. Hesabu yote inafanyika mkononi mwake. Ile inayotuma mahali kwenye seva kila mara lazima iulizwe: kwa nini, kwa muda gani, na nani anasoma? Waandishi wa mwanzo waliweka orodha ndani ya simu ili kuokoa fedha za mtandao, na hapo hapo wakaokoa siri ya mtumiaji.

Hitimisho

Palm VII na simu za kilobaiti 64 zimebaki kwenye makabati. Ila bado wapo wengi kati yetu wanaotumia simu ndogo za vitufe, na wapo vijana wanaojifunza kuandika programu kwa ajili yao. Kwa hao, masharti ya zamani ni masharti ya leo. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, jiulize: swali la mtumiaji wangu linahitaji mita ngapi? Nitamwambiaje nikiwa sina hakika? Na baada ya kumjibu, kuna sababu gani ya kuendelea kujua alipo?

Maswali ya kujadili

1. Taja huduma tatu zinazotosheka na jina la kata, na moja isiyotosheka nalo. Eleza tofauti yao.
2. Vituo viwili vinatofautiana na mtumiaji hivi: cha kwanza hatua 600 za latitudo na 800 za longitudo, cha pili hatua 300 na 1,000. Karibu na Ikweta, kipi kiko karibu zaidi? Jibu bila kutafuta kipeuo.
3. Rudia swali la 2 kwenye nyuzi 60 kaskazini. Je, jibu linabadilika?
4. Kikundi chenu kinataka programu ya kuwatembelea wagonjwa majumbani. Ni taarifa zipi za mahali mtakazohifadhi, nani atazisoma, na zitafutwa lini?